Greda Iliyotolewa Yadini Bila Breki

Lenah Kajuju alipofika yadini asubuhi ile, aliikuta betri ya greda imetolewa stoo na kurudishwa mahali pake. Kailemia, fundi mwenzake, alikuwa amesimama kando akijifuta mikono kwa kitambaa kisichokuwa na hata tone la mafuta.

Lenah ndiye aliyekuwa ameitoa betri hiyo. Aliitoa kwa makusudi na kuifungia stoo, kwa sababu greda haikuwa na breki. Si kwamba breki zilikuwa dhaifu; zilikuwa zimekwisha. Mafuta yake yalivuja kwenye magurudumu ya nyuma, na ndani chuma kilikuwa kinasaga chuma. Spea alizoziomba wakati watu wanapanda viazi hazikuwa zimefika hata walipokuwa wanavichimba. Kila alipouliza, aliambiwa ziko njiani.

"Nani amerudisha hii betri?" aliuliza.

"Mama Mwenda, mimi natumwa tu," Kailemia akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, bila kumtazama. "Injinia ameamka na sisi. Anataka greda Kangiri kabla wageni hawajafika. Leo wanazindua barabara."

Lenah hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alizaliwa Kiirua, babake akiendesha kombaini katika shamba kubwa la ngano, na alijifunza kushika spana kabla hajajua kusuka nywele. Baraza la zamani lilipomwajiri, wazee wa yadi walimpa kazi ya kuosha vipuri wakidhani atachoka na kwenda kutafuta kazi ya duka. Hakuchoka. Baadaye ikaja serikali ya kaunti, mitambo mipya ikaletwa, ikapakwa rangi, ikapigwa picha, na yeye akawa mmoja wa wale wanaolala chini yake wakitandika magunia, baridi ya mlima ikiwaingia mifupani. Kazi hiyo aliipenda. Kitu ambacho hakukipenda ni kuona mtambo ukitunzwa kwa rangi tu.

Alimkuta Injinia Thuranira, mkuu wa mitambo, akiwa tayari ndani ya gari lake, kioo kimeshushwa nusu.

"Injinia, hiyo greda ikipanda mlima wa Kangiri haitasimama wakati wa kushuka," Lenah akamwambia. "Nilikwambia kwa mdomo wangu. Nilikuonyesha."

"Si itabebwa kwa lori mpaka juu?"

"Itabebwa. Lakini ikishushwa kwenye lori itafanya kazi, haitakaa tu kama ng'ombe wa maonyesho."

"Itachonga mita chache tu, watu wapige makofi, basi. Ndwiga ni opareta mzoefu, atatumia blade ya kuchonga udongo kuishika." Aliangalia saa. "Wewe kuna tipa imekwama Ruiri. Nenda ukaishughulikie. Leo sitaki maneno."

Lenah alienda kumtafuta Ndwiga. Opareta huyo alikuwa mtu wa Siakago, chini kule Mbeere, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuizunguka greda yake kila asubuhi akiigusagusa kama mtu anayemkagua punda kabla ya safari. Alikuwa amekuja Meru na kampuni ya barabara, kampuni ikaondoka, yeye akabaki akaajiriwa na kaunti. Mke na watoto walikuwa bado Siakago.

"Baba Ciku, usiikalie hiyo kitu," Lenah alimwambia.

"Nimekataa mara moja," Ndwiga akajibu. "Akasema kuna vijana wengi wanaotafuta kiti hiki. Nikikataa, atamweka kijana ambaye hajui hata kuweka blade chini. Huyo ataua watu."

Lenah alipanda pikipiki kwenda Ruiri huku meno yameumana, na hasira yake haikuwa kwa Ndwiga.

Habari zilimfikia akiwa chini ya tipa. Kailemia alimpigia simu. Lenah alisikia kwanza kelele za watu nyuma yake.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Wageni walifika, hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, na greda ikachonga udongo kidogo mbele ya hema za wakubwa. Watu walipiga makofi. Mmoja wa wakubwa akafurahi, akasema ipande juu zaidi ili wapiga picha waione na mlima nyuma yake. Ndwiga alipanda. Alipoanza kushuka, greda ikakataa kusimama. Aliangusha blade, blade ikaruka juu ya mwamba uliokuwa umefunikwa na udongo, na mtambo ukazidi kasi. Chini ya mteremko kulikuwa na soko, akina mama wamepanga kabichi na karoti kando ya barabara. Ndwiga angeweza kuruka. Mlango ulikuwa wazi. Hakuruka. Alitoa kichwa nje akawapigia watu kelele wakimbie, kisha akakata kona na kuigonganisha greda na ukingo wa udongo. Ukingo uliishika. Kibanda cha opareta kilibonyea upande wa kushoto, na mguu wake ukabaki ndani ya chuma kilichobonyea.

Mguu huo ulikatwa hospitalini, juu ya goti.

Lenah alikaa naye siku iliyofuata, akimlisha uji kwa kijiko. Ndwiga aliuliza jambo moja tu, kama kuna mtu sokoni aliumia. Akaambiwa hakuna. Akafumba macho.

Kabla hata jeraha halijakauka, maneno yalianza. Redio moja ya hapo ilitangaza kwamba afisa wa mitambo amesema opareta alikuwa amekunywa. Injinia Thuranira aliulizwa na mtangazaji, na Lenah akaisikia sauti yake kwa masikio yake mwenyewe, akiwa jikoni anamenya viazi. "Ni masikitiko," alisema Injinia, kwa sauti ya mtu anayeomboleza. "Mtambo ulikuwa sawa kabisa. Tatizo letu ni nidhamu. Kuna hawa watu wetu kutoka huko chini, mnajua wanavyopenda kuchangamka asubuhi."

Lenah aliweka kisu chini. Ndwiga alikuwa mtu wa kanisa ambaye hata chai ya kazini aliiombea. Mtu aliyekataa kuruka ili wanawake asiowajua waende nyumbani kwa watoto wao, leo ameitwa mlevi, na aliyemwita hivyo ndiye aliyemtuma. Na ile "huko chini" ilimchoma kuliko yote, kwa sababu ilitupwa hapo makusudi. Injinia alijua wasikilizaji wengine wangeikubali bila kuuliza.

Asubuhi alimfuata ofisini.

"Injinia, umesema uongo juu ya mtu aliyelala hospitali."

"Lenah, funga mlango."

"Mlango ukae wazi."

Injinia akaegemea kiti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Lenah uchungu zaidi. Alizungumza naye kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Ikisemekana breki, wataniuliza mimi, na mimi nitauliza mafundi. Fundi mkuu wa hiyo greda ni nani? Ni wewe. Ndwiga mguu wake umeshaenda, maneno hayatamwongezea wala kumpunguzia. Fikiria vizuri."

Lenah alifikiria. Jumamosi hiyo alisafiri, akateremka kutoka kwenye baridi ya kwao hadi kwenye joto la Siakago, kumwona mke wa Ndwiga. Winfred alimkaribisha kwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa, na ndengu, akamwekea kiti kivulini. Alikuwa mwanamke mkakamavu, lakini siku hiyo alikuwa anaongea akiangalia chini.

"Wamemtoa kwenye uzee wa kanisa," Winfred alisema. "Wanasema wanangoja ukweli ujulikane. Nikienda kisimani wananyamaza. Ciku amerudi kutoka shule akiniuliza baba anakunywa nini. Mama Mwenda, mimi nimelala na huyo mtu miaka yote hii. Najua harufu ya mdomo wake."

"Mimi pia najua hakunywa."

"Sasa kama mnajua huko kazini, mbona mmenyamaza?"

Lenah aliporudi Meru tayari alikuwa ameshaamua, na alimwambia Kailemia peke yake.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wananchi wa kujadili bajeti ya barabara, katika ukumbi wa kijamii karibu na Kangiri. Wakubwa walikaa nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji na maua ya plastiki. Wananchi walijaa kwenye viti, wengine wakasimama mlangoni. Injinia Thuranira alieleza mipango ya mwaka, akafika kwenye barabara ya Kangiri, akasema kazi imechelewa kwa sababu ya "uzembe wa mfanyakazi mmoja aliyeharibu mali ya umma."

Lenah alisimama katikati ya ukumbi. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazi, kwa sababu alitaka wamjue yeye ni nani. Mwenyekiti wa mkutano akamwambia asubiri zamu ya maswali. Hakuketi.

"Mimi ni Lenah Kajuju, fundi wa mitambo ya kaunti," alisema. "Hiyo greda mnayosema imeharibiwa, niliitoa betri nikaifungia ili isitoke yadini, kwa sababu haikuwa na breki. Nilimwambia Injinia aliyeketi hapo. Asubuhi ya uzinduzi nikamwambia tena. Akanituma Ruiri, greda ikatolewa. Ndwiga hakuwa amekunywa. Alikataa kuiendesha, akatishiwa kazi."

"Mama, leo tunazungumzia bajeti," mwenyekiti akamkatiza.

"Hii ndiyo bajeti," Lenah akasema. "Pesa za breki zilienda kwa mahema na utepe. Kama hilo si jambo la bajeti, mniambie ni la nini."

Ukumbi ukaanza kuvuma. Injinia alikuwa ameinamia simu yake. Nyuma kabisa, mwanamke mmoja aliyefunga kanga kiunoni akainua mkono na kuanza kusema kabla hajaruhusiwa. Alikuwa Alice, muuza kabichi wa soko lile.

"Sisi tulikuwa pale," alisema. "Huyo mwanaume alitoa kichwa akatuambia kimbieni, kimbieni, mpaka sauti ikakauka. Mlevi hawezi kufanya alichofanya. Ningekuwa nimezikwa. Na hakuna mtu kutoka huko kwenu aliyekuja kutuuliza tuliona nini. Mlikuja tu kuchukua hema zenu."

Ndipo Kailemia akasimama. Lenah hakuwa amemwomba. "Betri niliirudisha mimi," alisema, na sauti yake ikakatika. "Niliamrishwa. Nilijua haina breki."

Mkutano ulivunjika bila maombi ya kufunga.

Lenah aliambiwa kwa simu asionekane yadini mpaka uchunguzi uishe. Alikaa nyumbani Kiirua msimu mzima, akichimba viazi na mumewe, akiwa na hasira isiyopungua. Jirani mmoja alimwambia angenyamaza angekuwa na kazi yake. Alimjibu kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kuzuia mitambo isiue watu, na ameifanya. Kailemia naye alisimamishwa. Aliuza mbuzi wawili, akaenda kutengeneza trekta za watu mashambani.

Mwishowe wakaja wakaguzi kutoka Nairobi, watu wasiomjua yeyote, wakaifungua greda ile pale ilipovutwa. Waliyoyakuta ndiyo yale Lenah aliyokuwa ameyasema tangu mwanzo. Yeye na Kailemia waliitwa warudi kazini. Hakuna aliyewaambia pole. Mkuu mpya aliwasalimia, akawaonyesha tipa zilizokuwa zinangoja, kana kwamba walikuwa wametoka likizo. Ile redio haikurudi kusema kwamba ilikosea. Lenah alienda hadi kwenye ofisi yao, akaambiwa mtangazaji huyo ameshahama.

Kule Siakago, kanisa lilimrudisha Ndwiga mahali pake. Mchungaji alisimama mbele ya waumini wote akasema waliharakisha kumhukumu, na hilo Lenah alilisikia kwa masikio yake, kwa kuwa alikuwa amealikwa. Ndwiga alitembea kwa magongo hadi mbele, akaomba kwa Kimbeere, maombi mafupi, akarudi kuketi.

Baada ya ibada walikaa uani kwa Ndwiga, kuku wakipita miguuni. Ndwiga alikuwa anajifunza kushona viatu. Alisema mikono bado iko sawa, na haipendi kukaa bure. Winfred alileta chai. Alimimina kikombe cha Lenah kwanza, kisha akauliza, "Na yule Injinia wenu? Alifanywa nini?"

Lenah alitamani angekuwa na jibu lingine. "Amehamishiwa idara ya maji," alisema. "Amepewa ofisi kubwa kuliko ile ya kwanza, na gari jipya."

Ndwiga alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Winfred hakucheka. Alibaki ameshika birika hewani, akimwangalia Lenah kana kwamba bado anangoja sentensi imalizike.