Wajuzi wa Kura Ambao Hawajawahi Kupiga Kura

Leo nimenyamazisha meza nzima ya wanaume kwa swali moja.

Tulikuwa kwa mama wa chai, hapa mtaani Gudele, katika mji mkuu wa nchi changa kuliko zote duniani. Nikasema mimi nitamchagua yule mama anayegombea urais.

Wakacheka. "Dada, huyo hana nafasi. Hata ukoo wake hautampigia kura."

Nikawauliza, "Nani hapa amewahi kumchagua rais tangu uhuru?"



Ukainuka mkono mmoja tu, wa Mganda anayetukaangia chapati. "Mimi nilipiga, lakini kwetu."

Jamani. Tangu uhuru hatujashika karatasi ya kura, na nyinyi tayari mna mshindi?

Mganda akageuza chapati yake. "Nyinyi mupige kwanza."

Basi siku ikifika, nampigia huyo huyo asiye na nafasi.

Nawe unayecheka hapo kwenye simu, ulishapiga lini?