Ramani Niliyokataa Kuibandua

Nilipoajiriwa na kampuni ya kukodisha mahema na viti, nilipewa cheo cha msanifu wa shirika. Mama, aliyekuwa Machakos, alidhani nachora majumba. Nikamweleza kwamba ninachochora ni kampuni yenyewe: inaweza kufanya nini, nani anafanya, kwa mfumo gani, na inakwama wapi.

"Kwani wenyewe hawajui?" akauliza.

Ofisi yetu ilikuwa Hurlingham, lakini ghala na dawati la simu vilikuwa Kangemi. Wateja wetu wengi walikuwa wafiwa. Mtu anafariki Nairobi, familia inachanga, mwili unasafirishwa hadi Kakamega au Kitui, na sisi tunatangulia na mahema, viti, masufuria na jenereta.

Mkurugenzi mpya alikuja na mpango wa mageuzi. Apu ya simu ingepokea oda zote, na dawati la Kangemi lingefungwa. Mfumo alikuwa ameshauchagua. Kwangu alitaka ripoti ya kusema unafaa, na sahihi yangu chini yake.

Nikamwambia nachunguza kwanza. Nilibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, nikachora visanduku, kila kimoja uwezo mmoja wa kampuni: kupokea oda, kupanga malori, kutunza mahema, kubadilisha oda iliyokwisha kupangwa. Palipo dhaifu nilipaka nyekundu, palipo imara kijani. Malori yalikuwa mekundu. Idara tatu ziliyapanga kila moja kivyake, hadi mawili yakafuatana njia moja yakiwa nusu tupu. Lakini kubadilisha oda kulikuwa kijani. Hapo ndipo tulipowashinda washindani wetu. Mipango ya mazishi hubadilika: ndugu anachelewa kufika kutoka ng'ambo, mvua inakata barabara, ukoo unabishana kuhusu kaburi. Wafiwa walipiga simu, tukapanga upya. Uwezo huo ulikaa kwenye dawati lile lile ambalo mkurugenzi alitaka kulifunga.

"Umeniletea rangi," mkurugenzi akasema mkutanoni. "Mimi nilikuomba sahihi."

"Siwezi kutia sahihi, bosi. Mfumo huu unabomoa kitu tunachokifanya vizuri kuliko vyote, na malori unayaacha vile vile."

"Kazi yako ni kuchora. Kuamua ni kwangu."

"Amua basi. Lakini usiamue kwa jina langu."

Mkurugenzi akaniagiza niibandue ramani kabla wauzaji wa mfumo hawajaja Jumatatu.

Mwenzangu wa idara ya uhasibu alinifuata kwenye ngazi. "Wewe dada, una mtoto shuleni. Si utoe tu hizo makaratasi, maisha iendelee?"

"Waje wazitoe wenyewe."

Niliogopa, sitadanganya. Nilifika nyumbani Riruta chakula kikanishinda. Lakini kila nilipojiwazia nimepanda kiti naibandua kazi yangu, hasira ilinipanda hadi masikioni.

Jumatatu ramani ilikuwa bado ukutani. Wauzaji walionyesha apu yao, na kusema kweli ilipendeza. Nikanyoosha mkono. Mkurugenzi akajifanya hakuniona. Nikasema hivyo hivyo.

"Tuseme mazishi yalipangiwa Jumamosi. Familia imeyarudisha nyuma hadi Ijumaa. Tuonyesheni inavyofanyika."

Muuzaji akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Mteja anafuta oda, halafu anaweka mpya."

"Na mahema yake?"

"Yanakuwa huru. Mwingine anaweza kuyachukua."

"Halafu mfiwa afanyeje?"

Muuzaji akamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akainama kwenye karatasi zake.

Mfumo ule haukununuliwa. Mageuzi yakaanzia kwenye malori: mipango ya idara zile tatu ikaunganishwa, ikahamishiwa Kangemi kando ya dawati la simu. Apu ndogo ilikuja baadaye, kwa oda nyepesi. Lakini uongozi wa mradi alipewa bwana mmoja aliyekaa kimya mikutano yote, na ramani ikapelekwa kwa bodi bila jina langu. Nikamwandikia mkurugenzi kwamba kazi ile ni yangu. Hakujibu. Nikaandika tena, safari hii nikawatumia wanabodi nakala. Nililetewa barua ya onyo kwa kuruka ngazi za uongozi. Niliisoma mbele ya aliyeileta, nikaitia kwenye droo, nikaendelea na kazi.

Wakubwa walisubiri niache kazi. Sikuacha.

Wiki iliyopita mkurugenzi alisimama mlangoni pangu. "Upande wa harusi umekwama. Unaweza kutuchorea?"

"Naweza. Ila nitawasilisha mwenyewe."

"Kwa bodi?"

"Kwa bodi. Na jina langu likiwa juu yake."

Alitazama simu yake, kama mtu anayetafuta kisingizio ndani yake.

"Alhamisi, saa nne," akasema, akaenda zake.