Vidonge vya Jirani

Nakumbuka asubuhi moja kwenye kliniki ya watoto hapa Kitengela, muuguzi alipomweka binti yangu Mwende kwenye mizani, akaangalia kadi, kisha akaangalia mizani tena. Mwende alikuwa na wiki kumi, na uzito wake ulikuwa umeshuka. Mwanangu, wewe uliyejifungua juzi, kaa nikueleze nilivyomfikisha pale kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku hizo tuliishi kwenye ploti ya mabati, milango minane, bomba moja. Nilikuwa mgeni kutoka Ukambani, na majirani ndio walionilea. Ukiishiwa chumvi unagonga, ukiishiwa makaa unagonga, na mtu hakatai, maana kesho atagonga kwako. Ni desturi nzuri, siilaumu. Lakini kifungua mimba wangu, Kyalo, alikuwa hajaanza hata kutembea nikashika mimba ya Mwende, na baada ya kujifungua niliapa sitabeba ya tatu kabla sijapumua. Basi nilipotoka kliniki ya wiki sita, ambako ningeweza kuuliza na nikaona haya, niligonga kwa jirani yangu Mama Mutheu, ambaye mtoto wake alishaacha ziwa zamani. Nikaomba vidonge vyake vya kupanga uzazi kama mtu anayeomba chumvi. Akanipa pakiti nzima, kwa moyo mweupe.

"Meza moja kila jioni," aliniambia. "Mimi vimenikubali."

Maziwa yakaanza kupungua. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Machakos kunitunza, alihangaika mpaka nikamhurumia. Asubuhi uji wa wimbi, mchana njahi, yale maharagwe meusi, jioni supu ya miguu ya mbuzi. Nilimaliza supu yake, akigeuka nikameza kidonge. Nilimwogopa, mwanangu. Mwanamke aliyezaa tisa, nilifikiri, ataona namnyima wajukuu.

Sasa pale kliniki muuguzi akaniuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

Mama mkwe alikuwa amesimama ubavuni pangu. Nikasema, "Hapana." Hadi leo neno hilo linaniuma. Mtoto amelegea, hana hata nguvu ya kulia, na mimi nalinda sura yangu.

Muuguzi, mtu mzima aliyewaona wengi, hakuandika kitu. Alimwomba mama mkwe angoje nje. Mama hakusogea.

"Sista, mimi nimezaa tisa na nimezika watatu," alisema polepole. "Hao watatu walizaliwa wakifuatana. Mmoja hajashiba ziwa, mwingine ameingia tumboni." Kisha akanigeukia. "Mtoto wangu, kama uko na kitu umemeza, sema. Sitakuuliza kwa nini. Hiyo najua."

Nililia, nikafungua fundo la leso, nikatoa pakiti. Muuguzi alinikaripia, na karipio lake lilikuwa halali yangu. Alisema kuna vidonge vya aina nyingi, na vile vya Mama Mutheu vinaweza kupunguza maziwa ya anayenyonyesha mtoto mchanga. Tena havimfai mwenye presha, au aliyejifungua majuzi, kwa sababu damu inaweza kuganda. Nami hata presha sikuwa nimepimwa. Alinipa vya mama anayenyonyesha, vya kumeza saa ile ile kila siku, na tukarudi kupima uzito kila wiki. Mwende aliupata polepole. Leo ni mama huko Mashuuru, lakini nikimwona akinyonyesha bado moyo hunishtuka.

Mwanangu, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kupanga uzazi ni sehemu ya kulea. Usione haya. Usidanganyike kwamba hedhi ikiwa haijarudi uko salama, maana mimba haipigi hodi. Lakini usimeze dawa aliyopimiwa mwenzako. Nenda mwenyewe, useme unanyonyesha, useme mtoto ana wiki ngapi, upimwe. Ukiulizwa, jibu kweli, hata akiwa amesimama nani kando yako. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu wa kunyamaza.

Mungu akupe watoto utakaoweza kuwashibisha, na akuwekee karibu mtu wa kukwambia, siku utakapoogopa, "Sema. Hiyo najua." Na ukikosa wa kukwambia, njoo kwangu.