Mguu Wangu Mzito na Lita Kumi za Esansi

Mpaka leo nikipita karibu na lile soko la Kampemba nageuza uso upande wa pili, kwa sababu wale mama wanaouza makala ya kupikia bado wananijua, na kuna mmoja (mnene, sauti yake inafika mpaka kanisani) hajawahi kuniacha nipite bila kuniuliza, "Papa, leo nani njo atasukuma?" Chekeni tu, ndugu zangu. Aibu hii sikuletewa na mtu, nilijiletea mwenyewe.

Yote yalianza na mdomo wangu. Shemeki wangu Donat, mdogo wa bibi yangu, alikuwa anapeleka mahari kwa wazazi wa mchumba wake, Jumamosi saa nne asubuhi, kule Kampemba, na sisi wote tunakaa huku Annexe. Wiki ile esansi, yaani petroli, ilikuwa imepotea mjini, unapanga mstari mpaka miguu inavimba, na siku ya Alhamisi mimi na Donat tukabahatika kupata lita kumi kila mmoja, pampu ileile, yeye kwenye jipu lake kuukuu kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, mimi kwenye kamotoka kangu kadogo kekundu. Jioni familia ikakaa kupanga nani atambeba nani, na mimi, badala ya kula bukari yangu na kunyamaza, nikasimama.

"Ile jipu ni mulevi," nikasema, "itakufa mu njia. Mamu buko apande mu motoka yangu. Iko kadogo, inakunywa kidogo."

Mamu buko ni mama mzazi wa bibi yangu, na kwetu mkwe hakai karibu na mama mkwe, hamwangalii usoni, hali naye sahani moja. Miaka tisa ya ndoa yangu hakuwahi kunisemesha, ujumbe wote ulipitia kwa bibi yangu, hata kama mimi nimesimama palepale nasikia kila neno. Kwa hiyo kumbeba yeye kwenye motoka yangu, tena siku kama ile (bila mama wa bwana harusi wale watu hawafungui hata mlango), lilikuwa jambo la heshima kubwa, na mimi heshima naipenda, sitawadanganya. Akakubali, kwa sharti kwamba atakaa nyuma, kitambaa usoni, na dada yake, tantine Odile, akae upande wangu kama ukuta.

Bibi yangu peke yake ndiye aliyeguna. "Motoka haina mubaya," akasema. "Mubaya njo muguu yako."

Nikamwambia wanawake hawajui mambo ya injini.

Sasa sikilizeni nilivyozitunza zile lita kumi. Donat aliegesha jipu lake chini ya mti wa mavoka, akatembea kwa miguu, Ijumaa akatoka mara moja tu, akafanya shughuli zake zote kwa mzunguko mmoja, akarudi pole pole kama mtu aliyebeba mayai. Nilimcheka! Nikamwambia, shemeki, hilo jipu linakutia woga. Mimi nilienda na motoka kununua mkate, nikarudi, nikaenda tena kununua sukari niliyosahau, nikapita kwa rafiki yangu tukaongea dirishani nusu saa injini inanguruma, nikaenda mpaka mjini kuonyesha viatu vyangu vipya vya sherehe. Jumamosi asubuhi nikawasha injini mapema na hewa ya baridi juu, ili mamu buko akipanda akute ubaridi, na yeye akachukua saa nzima na nusu kuvaa, na mimi nimekaa ndani napoa kama samaki.

Tukatoka, nikawaacha Donat na wajomba zake bado wanapakia mbuzi kwenye jipu. Mimi udereva wangu ni wa namna moja: nakanyaga mpaka chini, naona tuta, napiga freni, watu wote mbele puu, nakanyaga tena. Nikapita malori, nikapita pikipiki, nikafukuzana na teksi moja bila sababu yoyote. Tantine Odile anasali kwa sauti.

"Ka taa kanawaka," bibi akasema kutoka nyuma, kando ya mama yake.

"Ka taa kanaogopesha bantu tu. Motoka kadogo hivi, hata harufu ya esansi inatosha."

Harufu haikutosha. Mbele ya soko, katikati ya barabara, motoka ikakohoa mara mbili ikanyamaza, na nyuma yetu lori la madini likaanza kupiga honi, na jingine, na jingine, mpaka nikachanganyikiwa kabisa. Nikamwambia bibi yangu, "Shukeni, sukumeni kidogo, mi nashika usukani." Mlango ukafunguka, motoka ikaanza kutembea, tena inatembea vizuri, nikajisemea kumbe bibi yangu na tantine wana nguvu namna hii.

Nikatazama kioo. Vilemba vitatu.

Mama yangu! Mamu buko, kitambaa kimeanguka shingoni, mikono yote miwili kwenye matako ya motoka yangu, anasukuma, na mimi mkwe wake nimekaa kwenye kiti nimevaa kravati! Wale mama wa makala wakasimama wote. "Yo! Mukwe iko mu kiti, buko iko nasukuma! Dunia imeisha!" Nami nikaendelea kushika usukani.

Motoka iliposimama pembeni, dirisha langu likagongwa. Alikuwa yeye. Akaniangalia machoni, na maneno ya kwanza aliyoniambia katika miaka tisa yalikuwa haya: "Mukwe. Toka. Patia mutoto yangu usukani."

Nikatoka.

Jipu la Donat likafika nyuma yetu pole pole, mbuzi wanachungulia dirishani. Donat hakucheka, aliangalia viatu vya mama yake, vyekundu kwa vumbi, halafu akachukua mpira akanyonya esansi kutoka kwenye jipu kutia kwenye motoka yangu. Nikachungulia ule mshale wake wa esansi. Bado ulikuwa juu ya alama nyekundu! Lile "mulevi"! Pampu moja, siku moja, lita kumi kwa kumi!

Tulifika saa sita. Mjomba wa binti alikuwa amesimama mlangoni, amefunga mikono kifuani. "Muntu ya kuchelewesha mama yake," akamwambia Donat, "ataheshimu mutoto yetu namna gani? Rudieni kwenu."

Donat angeweza kuninyooshea kidole tu na mambo yangekwisha. Akainamisha kichwa. Nami (hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, ile ya sokoni ni mchezo) nilifungua mdomo, mdomo ule ule wa Alhamisi, na hakikutoka kitu.

"Njo mimi," mamu buko akasema, huku anavuta kikwembe chake kifunike vile viatu. "Nilivaa pole pole. Uzee. Munisamehe, ba papa."

Walimtoza Donat faini ya mbuzi mmoja, mlango ukafunguliwa, na Donat leo ana watoto wawili. Mbuzi yule nilimpeleka mimi kesho yake, kwa miguu, kutoka Annexe mpaka Kampemba, nikipita mbele ya soko lile, na mtu asiniulize walisema nini.

Tangu siku hiyo funguo anazo bibi yangu. Lita kumi anaenda nazo siku nyingi kuliko mimi, motoka ni ileile, barabara ni zilezile. Mamu buko amerudi kwenye desturi yake, hanisemeshi tena. Ila kila Jumapili anapopanda nyuma, kitambaa usoni, lazima amuulize kwanza binti yake, kwa sauti ambayo mimi pia naisikia: "Muguu ya mukwe wangu iko wapi?"

"Iko huku kwa abiria, mama," bibi anajibu.

Ndipo anafunga mlango.