Ukuta wa Bibi Apolonia

Nauza rangi hapa Majengo tangu biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikaanza kupatikana bila kibali. Sikuwahi kumfuata mteja kwao, ila Julai ile nilimfuata Mzee Deusi, katekista wa kigango kimoja karibu na Msanzi. Alikuwa amenunua rangi nyeupe ya mafuta. Nilipomuuliza ni ya kazi gani, akajibu, "Kufunika michoro ya marehemu Apolonia, nyuma ya altare."

Apolonia ni mama yake mama yangu. Alifariki kabla sijazaliwa. Mama alisema alikuwa mchoraji. Mimi nilidhani alichora vyungu.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda lori lililokwenda kupakia mahindi. Baridi ilikuwa kali, nami nikakalia makopo.

"Bwana, unaatamia rangi yangu?" Mzee Deusi aliuliza. "Usiogope. Sitapaka mpaka uone."

Saa nne tulishuka Msanzi, tukatembea kati ya mashamba ya ulezi uliokwisha vunwa.

Saa sita tulifika kigangoni, kwenye kanisa dogo la udongo. Ukuta mzima ulikuwa picha: Maria akipanda mlima, mtoto mgongoni, Yosefu nyuma na jembe begani, pembeni ng'ombe wenye pembe ndefu. Udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi, basi. Lakini ukuta ulikuwa umepasuka, na vipande vilikuwa vikidondoka.

Akina mama walikuwa wakifagia. Nikawaeleza mimi ni nani, kisha nikatangaza kwamba kuanzia leo mtu yeyote asiuguse ukuta huo.

Wakaangua kicheko. Mkubwa wao, Bibi Skola, akanisogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa kuja kuposa, halafu unatoa amri! Usipoguswa unaanguka. Kila mwaka tukishavuna tunasiliba udongo upya na kuchora juu yake. Mwaka huu tuliacha, maana tuliambiwa rangi inakuja."

"Kwa hiyo kazi ya bibi yangu ni ipi?"

"Alitufundisha mistari, tunaifuata. Ng'ombe tumeongeza sisi, Wasukuma walipohamia. Wao nao wanasali hapa, wasionekane?"

Mzee Deusi akajitetea: "Mimi nilitaka kuwapunguzia kazi."

"Nani alikulalamikia, Deusi? Paka milango!"

Akapaka milango.

Mchana kutwa tulikanda udongo. Nilipewa jiwe la kulainishia na sehemu ndogo chini ya miguu ya Yosefu. Bibi Skola akaikagua, akaifuta yote kwa kiganja. "Kwa mkono huu, mume wangu, nisingekubali posa." Mara ya tatu hakuifuta, nikajua imekubalika. Jioni tulikunywa kimpumu, pombe yao ya ulezi, huku ukuta ukikauka.

Kesho yake nilirudi mjini. Nilikwenda kuzuia watu wasiiguse kazi ya bibi. Wangenitii, masika yaliyofuata ingeanguka. Miaka yote nimewasifia wateja rangi isiyohitaji kurudiwa. Bado ninaiuza, na ni nzuri kwa milango. Ila kila mwaka, mavuno yakiisha, duka langu hufungwa siku mbili.