Nilivyowaambia watu wa Dilala kwamba quantum computer imefungua faili letu

Wakuu, habari za humu.

Naandika kutoka Kolwezi, Congo, kwa hiyo Kiswahili changu kikiyumba mnivumilie. Na hii siyo chai. Ingekuwa chai ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye hadithi.

Mwaka ule bei ya cobalt ilianguka, na makampuni yakaanza kurudisha watu nyumbani mafungu kwa mafungu. Mimi nilikuwa karani kwa mkandarasi mmoja upande wa Kingamyambo, kule wanakosafisha upya mabaki ya zamani ya madini. Asubuhi moja badge yangu ikagoma getini. Ndivyo nilivyojua kwamba kazi imeisha.

Nikafungua kibanda cha photocopy hapa Dilala. Kompyuta moja, printer moja, na umeme wa kubahatisha, ingawa bwawa la umeme la Nzilo liko karibu tu.

Wakati huohuo kampuni nyingine ikawa inapanua shimo lake kuelekea mtaa wetu. Wakaja watu na makopo ya rangi nyekundu wakaandika namba kwenye kuta. Tukaambiwa tutahamishwa: mwenye karatasi za nyumba atapewa nyumba nyingine, asiye nazo atoke tu.

Tukaunda kamati. Rais akawa Tata Ngoie, fundi umeme mstaafu. Mimi nikawa katibu, kwa sababu nina printer.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Kapinga, maana huu uzi ni wake kuliko wangu.

Mama Kapinga ni mjane, anauza unga mbele ya mlango wake. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Ile miaka ya tisini watu wa Kasai walipofukuzwa huku, familia yao ilipanda treni na godoro na sufuria mbili. Waliporudi baadaye nyumba ilikuwepo, lakini karatasi hazikuwepo. Mtaa mzima unajua nyumba ni yao. Karatasi ndiyo haijui.

Ukihesabu na yake, familia za namna hiyo zilikuwa nne. Mpango wetu ulikuwa tukusanye kwanza ushahidi wa majirani kwa hizo nne, tuupeleke kwenye ofisi ya ardhi, ndipo kampuni ijue. Kwa hiyo orodha yetu, yenye maelezo ya nani ana nini na nani hana, ilikuwa siri.

Nikaifunga kwa password. Siyo password ya kitoto wakuu, ndefu kabisa, maneno manne na namba. Nikawaambia kikaoni hata shetani haingii humu.

Wiki mbili baadaye kampuni ikaleta barua. Majina ya "wakaaji wasio na hati", yote manne, kwa mpangilio uleule wa faili letu, hadi kosa nililofanya kwenye jina la mzee mmoja. La kwanza lilikuwa la Mama Kapinga.

Kikao cha dharura. Watu wote wananitazama mimi.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa maisha yangu. Nilikuwa nimeangalia video moja ya dakika kumi na mbili kuhusu quantum computer. Dakika kumi na mbili, wakuu, nikasimama mbele za watu kama profesa. Nikasema hawa wenye kampuni ni matajiri, lazima wana ile mashine mpya. Inajaribu password zote za dunia kwa mara moja. Hakuna kitu inachoshindwa. Simu zenu, benki, barua, vyote inasoma.

Watu wakapoa. Tata Ngoie akavua kofia. Mimi, nisiwadanganye, moyoni nilifurahi kwa sababu lawama ilikuwa imenitoka.

Mama Kapinga akauliza taratibu, "Ile mashini, inaona na ile tutaandika kesho?"

Nikaitikia, "Njo vile, mama. Inaona byote."

Akakunja kitenge chake, akaondoka.

Siku tatu baadaye akaja kibandani Madame Odette. Huyu anafundisha hesabu sekondari, na ana tabia ya kumsahihisha hata padri. Alikuwa amesikia mahubiri yangu.

"Nani alikufundisha ile bintu?" akaniuliza.

Nikamtajia video. Akavuta kiti. Yeye password huiita kwa Kifaransa, mot de passe.

"Batu banazania ile mashini inajaribu mot de passe yote mara moja, kisha inachagua ya sawa. Haina vile."

Akanieleza kwa nini sivyo, na hapa nafupisha. Mashine ya quantum ina ujanja maalumu kwa aina fulani za hesabu. Kuna kufuli za mitandaoni, zile zinazotumika ili watu wasiojuana wabadilishane funguo, ambazo zimejengwa juu ya hesabu hizo. Hizo siku moja zinaweza kuvunjwa, na wataalamu wameshaanza kuzibadilisha. Lakini mashine zilizopo leo bado ndogo na zinakosea mno. Na faili lililofungwa kwa password ndefu kama langu ni kufuli ya aina nyingine. Kwa hiyo hata mashine kubwa ikija, inapunguziwa kazi kiasi tu, haipewi mlango wazi.

"Sasa walifunguaje?" nikauliza.

"Mot de passe uliwapa batu ya kamati namna gani?"

Nikafungua rejista ya vikao.

Wakuu, huku kwetu kikao bila PV, yaani muhtasari, hakikufanyika, hata kama watu walipigana humo. Tulirithi hiyo kutoka ofisi za mgodi. Kila kitu kinaandikwa, kinasomwa kwa sauti, kinapigwa muhuri. Na nakala inapelekwa "kwa taarifa" kwa chef wa mtaa, kwa meya, na kwa upande wa pili. Upande wa pili ndio kampuni.

Pointi ya nne ya kikao kile cha password, mwandiko wangu: "Kamati imepitisha kwa kauli moja mot de passe ifuatayo." Ikafuata password nzima, herufi kubwa na ndogo nikizitofautisha vizuri.

Chini yake: "Kiambatisho: orodha, kwenye flash." Na mimi, karani wa miaka kumi na moja, najua kiambatisho kikitajwa lazima kiambatane. Nilipanda taxi-moto, bodaboda zetu, nikaipeleka mwenyewe. Nikadai wanigongee muhuri wa kupokea.

Madame Odette alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Nikakimbia kwa Mama Kapinga. Mlango wazi, nyumba tupu, godoro limefungwa kwa kamba ukumbini. Yeye amekaa juu ya ndoo.

Nikamwambia yote. Hakuna mashine. Tunaweza kupinga, majirani watashuhudia, tuna haki.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilisha ku-signer," akasema.

Jana yake alikuwa amekwenda mwenyewe ofisini kwao, akasaini kwamba anatoka kwa hiari. Walimpa lori la kubebea vitu, basi.

"Juu ya nini, mama?"

"Ulisema banaona byote. Sasa mi nitapigana na nini?"

Zile familia nyingine tatu zilipinga. Majirani wakaja kushuhudia, tukasukumana na ofisi miezi kadhaa, na zote tatu leo zina nyumba. Kuvuja kwa faili tulikushinda. Maneno yangu ndiyo yaliyotushinda.

Mama Kapinga sasa anaishi chumba kimoja kwa dada yake. Napita kumsalimu. Hanitukani, na hilo linaniuma kuliko matusi.

Funzo langu, wakuu: kitu usichokielewa, sema hukielewi. Kabla hujailaumu mashine ya mbali, soma kwanza ulichoandika mwenyewe.

Nichekeni, nimestahili. Ila kati ya vicheko, kama humu kuna mwanasheria anayejua namna ya kupinga karatasi iliyosainiwa kwa woga, aandike hapa chini. Nita-print nimpelekee mama leoleo.