Siku Mpira wa Hedimasta Ulipopewa Chuti

Mwanamke mmoja aliniita muuaji kwa sababu nilitaka kumtoa baba yake mpira wa mkojo.

Kwenye korido. Mbele ya ukoo wake wote.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha uuguzi juzijuzi tu, nikapangiwa wodi ya mahututi katika hospitali moja hapa mjini Bogura. Kila asubuhi nilipita kitanda kwa kitanda, nikiangalia kila mpira ulioingia mwilini mwa mtu na kuuliza, "Huu bado una kazi?"

Niliamini swali hilo linaokoa watu. Wenzangu waliamini nitapoa nikizoea.

Kitanda cha nne alilala Hashmat Ali, hedimasta mstaafu. Aliletwa na nimonia, akapumulia mashine, akapata nafuu, mashine ikaondolewa. Mpira wa mkojo ukabaki. Kila nilipouliza, niliambiwa kesho; hakuna aliyekumbuka kuuaga.

Halafu homa ikarudi. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya maziwa.

"Wadudu wanapanda na mpira," nikamwambia Daktari Zillur. "Wakifika kwenye damu, mzee huyu hana nguvu za kupigana tena."

"Aanze dawa, mpira utoke. Waambieni ndugu."

Aliyewaambia ni Bablu, mlinzi wa mlango, mwenye sauti ya mnadani. Wodini kwetu mpira wowote tunauita laini. Bablu akatoa kichwa nje:

"Ndugu wa kitanda cha nne! Laini ya mzee inakatwa!"

Sasa, Bogura nzima, laini inayokatwa ni ya umeme, gesi au simu. Na haikatwi kwa heri.

Binti mkubwa, Kohinoor, akainuka.

"Mnamkatia baba yangu? Anapumua na mnamkatia?"

"Dada, ni mpira wa mkojo tu..."

"Tu! Yule tajiri wa saruji kitanda cha pili ana mipira mitano, hakuna anayemgusa. Baba yangu kabaki na miwili, na mmoja mnaukata! Kwa kuwa ni mwalimu? Muuaji wewe!"

"Hata sura anayo," shangazi yake akadakia.

Daktari akasema tusubiri wapoe. Mwezi uliopita ndugu wa mgonjwa mwingine walivunja vioo vya mlango, na vilikuwa vipya.

Kufika adhuhuri homa ilikuwa imepanda zaidi. Nikatoka, nikakaa chini kwenye mkeka wao. Hakuna aliyenikaribisha.

"Dada Kohinoor, Hedimasta alipogonga kengele ya mwisho shuleni, watoto walipiga kelele gani?"

"Chuti. Kwani kwenu walilia?"

Kibangla kina neno hilo moja tu. Likizo ni chuti. Kengele ya kwenda nyumbani ni chuti. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali, kapewa chuti.

"Basi mpira wa mzee haukatwi. Umemaliza kazi, unapewa chuti. Ukibaki darasani bila kazi, utafanya fujo. Fujo yenyewe ndiyo hii homa."



"Chuti," Kohinoor akasema polepole. Kisha akaniwakia, "Si mngesema hivyo tangu asubuhi?"

Mpira ukatoka. Ikabaki kazi moja: mzee akojoe mwenyewe. Akishindwa, itabidi tumrudishie mpira, na wadudu wapate njia yao tena.

Tukamzunguka. Mimi nimeshika chombo. Kohinoor kashika mkono wake. Shangazi, sijui aliingiaje, anafanya "sss, sss" kama kwa mtoto mchanga.

Hakuna kitu.

"Baba, jitahidi."

Mzee akafumbua macho. Sauti ilikuwa imekwaruzwa na mpira wa mashine, lakini ilikuwa ya hedimasta.

"Nimefundisha maisha yangu yote. Sijawahi kusimama kumtazama mwanafunzi akikojoa. Nje!"

Nikamwachia chombo, tukasimama nyuma ya pazia. Tukasubiri.

Kisha tukasikia.

Kohinoor akaziba mdomo. Akakimbilia koridoni.

"Amekojoa! Mwenyewe!"

"Alhamdulillahi!" ukoo ukaitikia. Ndugu wa wagonjwa wengine wakauliza ni mtoto gani.

Homa ikashuka. Siku alipohamishiwa wodi ya kawaida walileta vyungu vya mtindi mtamu, na shangazi akanijazia kijiko mdomoni bila kuniomba radhi.

Nikadhani yameisha.

Asubuhi iliyofuata, mtoto wa yule tajiri wa saruji alinisimamisha mlangoni.

"Dada, na mzee wetu chuti lini?"

Kila siku nilikuwa nikiuliza kuhusu kitanda kile. Kila siku jibu lilikuwa, "Huyo ni mtu mkubwa, tusije tukalaumiwa."

Safari hii aliyeuliza ni mwenye mgonjwa. Daktari Zillur akakagua mipira yote mitano. Miwili haikuwa na kazi yoyote. Mmoja wao, ule wa shingoni, hakuna aliyejua kwa nini bado upo. Tukaitoa yote miwili, huo wa shingoni tukaupeleka maabara.

Ulikuwa umejaa wadudu.

Tajiri alikuwa anakufa kwa heshima. Tuliwahi.

"Nani alikwambia uulize?" nikamwuliza kijana.

"Kohinoor. Kasema nikiona haya, ataingia kuuliza yeye."

Ndugu yangu, ukiwa na mgonjwa mahututi, usifurahie wingi wa mipira. Usiing'oe pia. Muulize daktari, kila siku, kila mpira una kazi gani leo.

Ukiitwa msumbufu, itika.